Kanga Mmoja Nje, Wengine Ndani

Banda la kanga la shangazi lilinuka pumba zilizolowa, mavi ya ndege na moshi wa jikoni, maana ukuta wa jiko na ukuta wa banda ulikuwa mmoja. Nilikaa na harufu hiyo msimu mzima wa mvua. Iliingia kwenye nywele, ikaingia kwenye sare ya shule, mpaka wenzangu wa darasa la tano wakaanza kuniita Mama Kanga, nami nikajifanya sisikii. Hata leo, mtu mzima mwenye watoto wangu, nikipita mbele ya duka la vyakula vya mifugo hapa Sumbawanga mjini na harufu ya pumba ikanipiga puani, mkono wangu huinuka wenyewe kutafuta komeo. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na nyumba tuliyobaki nayo, huku juu Ufipa karibu na ukingo wa bonde, ilikuwa chini ya shangazi Skola, dada yake mkubwa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuamuru hata anapoomba chumvi.

Mama alikuwa mtu wa Muze, kule chini bondeni kunakostawi mpunga. Mvua ziliposhika alisema anashuka kwa kaka yake, ambaye alikuwa amemkatia kipande cha shamba, na kwamba angetuchukua sote wawili, mimi na mdogo wangu Neema aliyekuwa bado wa kubebwa mgongoni. Shangazi hakukataa. Hakuwa mtu wa kukataa jambo waziwazi. Alisema tu, “Nenda, wifi, riziki haina kwao. Ila Yusta abaki kidogo. Vifaranga vya kanga havijazoea, na mgongo wangu huu hauniruhusu kukimbizana navyo.” Mama alinitazama, akalitazama banda, akasema haya, mpaka wazoee. Hiyo “kidogo” ya shangazi ilianza kabla ya Krismasi ikaipita Pasaka.

Lazima niseme haki: kwa kanga, shangazi alikuwa fundi. Alikuwa na jike na dume tu, wazee, waliokuwa wakilala juu ya mti nyuma ya choo. Jike alificha kiota chake ndani ya majani marefu pembeni mwa ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo Wafipa tunayafukia majani yaoze ndani yake kabla ya kupanda. Kila siku shangazi alikwenda pale na upawa wa mboga wenye mpini mrefu, akachota yai moja au mawili na kuacha mengine, maana kanga akihisi mkono wa mtu kwenye kiota chake hahami kesho, anahama leo. Ole wako uuguse upawa huo na mikono yenye mafuta. Mayai aliyatia chini ya kuku mwekundu, na kuku wa watu akaatamia, siku zake zikapita na wiki nyingine juu, akiwa amekonda na kukasirika, mpaka vifaranga kumi na vitano vikatoka, vyenye mistari mgongoni na miguu ya rangi ya karoti. Shangazi aliwataka kwa ajili ya bustani. Kanga hafukui kama kuku. Anapita katikati ya kabichi na figiri kama mkaguzi, anaokota viwavi na panzi, na akiona nyoka anapiga kelele mpaka kijiji cha pili wanajua.

Lakini kanga ana roho ya porini. Mfungulie kabla hajazoea, ataondoka na hutamwona tena. Kwa hiyo shangazi alikuwa na njia yake, na njia hiyo ndiyo iliyonifunga mimi. Kwanza vifaranga vilikaa ndani wiki nyingi, kwa sababu ya umande na baridi ya huku kwetu ambavyo vingeviua. Walipokuwa na manyoya ya kutosha, alianza kumtoa mmoja. Mmoja tu, wengine wamefungiwa. Yule wa nje alilizunguka banda kutwa, anaita, na wa ndani wanaitikia. Mlango wa bustani ulikuwa wazi, pori lile pale, mbawa anazo, lakini hakwenda. Akifika mwisho wa kabichi anasimama, anasikia ndugu zake, anarudi mbio shingo imenyooka. Jioni nagonga kopo la ulezi, anaingia. Kesho anatoka mwingine, baada ya siku kadhaa wanatoka wawili. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu, kufungua, kufunga, na kukaa pale kwenye kigogo tangu nitokapo shule mpaka giza, nikitazama mwewe. Jumamosi ilikuwa siku nzima. Wenzangu walipita wakienda kuchota maji na kucheka, mimi nawasikia sauti tu nyuma ya ua. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wanasema. Mimi sikuwa mgeni na kamba yangu haikuonekana, lakini niliihisi kila nilipoinuka.

Mama alipanda kuja kutuona kila baada ya wiki nne au tano. Alikuja na magege wakavu, wale samaki wa ziwani, na Neema aliyezidi kunenepa, akalala siku mbili. Usiku, kitandani, alininong'oneza habari za kibanda chake. Kaka yake alikuwa amemsaidia kukisimamisha. Kina madirisha mawili, alisema, moja linatazama mlima tunakotoka sisi, jingine linatazama ziwani, na chini ya hilo la ziwani ndipo atakapoweka kitanda changu. Nilikijua kibanda kile kuliko chumba nilicholala. Kila alipokuja nilifunga mfuko wangu: sare, daftari, gauni la kanisani. Na kila alipotaka kuondoka shangazi alisema kwa upole kabisa, “Wifi, kanga bado. Ukimwondoa Yusta sasa, kazi yote imepotea. Si utarudi tena?” Mama alikuwa mjane katika nyumba ya wakwe zake, na alilelewa kutobishana na wifi mkubwa. Alinibusu utosini, akashuka. Mimi niliufungua mfuko, nikarudisha sare msumarini. Nilimchukia shangazi, nikawachukia kanga, na siku moja nilimpiga mmoja kwa kopo mpaka akachechemea, kisha nikalia kwa aibu.

Jumamosi moja baada ya Pasaka, jirani yetu Mama Lusia alikuja kumpitia shangazi waende msibani kijiji cha pili. Walisimama jikoni wakisubiri mvua ipungue, na mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta ule mmoja, nafagia banda. Mama Lusia aliuliza, “Na huyu mke wa marehemu, hamwogopi ataolewa huko huko bondeni? Bado kijana yule.”

Shangazi alicheka kidogo. “Aende wapi, dada? Mwanawe si yuko ndani? Atazunguka, ataita, atarudi. Mpunga ukishavunwa utamwona hapa. Kanga hazai ugenini.” Kisha sauti yake ikashuka. “Nyumba ya kaka yangu nibaki nayo mimi na panya? Hapana.”

Ufagio ulinitoka mkononi. Miezi yote ile nilidhani nawalinda kanga mpaka wazoee. Kumbe aliyekuwa ndani ya banda ni mimi, na aliyekuwa akizoezwa ni mama. Nilisubiri mpaka nikaona kanga zao mbili za msibani zimepotea nyuma ya miti, nikaenda kuchukua mfuko wangu. Halafu nikarudi bandani. Hadi siku ile hatukuwa tumewahi kutoa zaidi ya nane kwa mara moja. Nililitoa komeo, nikaufungua mlango wote hadi ukagonga ukuta, nikawaswaga kwa ufagio nikipiga kelele, “Tokeni! Tokeni wote!” Walitoka kwa kishindo, wakaruka juu ya kabichi, juu ya ua, wakatua kwenye majani ya kilimani wakipayuka. Nilifurahi mno. Nikaelekea ukingoni, sikutazama nyuma.

Ni mwendo wa saa moja hivi kutoka kwetu mpaka pale ardhi inapokatika. Huku juu kuna upepo na nyasi. Ghafla, chini, kuna nchi nyingine, pana, yenye ukungu wa joto, na mbali kabisa ziwa limelala jeupe. Nilikuwa sijawahi kufika pale peke yangu. Kwenye jiwe kubwa inapoanzia njia ya kuteremka alikuwa amepumzika mama mmoja mwenye gunia la maharage, anashuka kuuza Muze. Nilimwamkia. “Marahaba, mwanangu. Unashuka?” Nikasema nashuka, namfuata mama. “Basi vizuri, tutaongozana. Njia peke yako ni ndefu.” Alinipa kipande cha kiazi kitamu. Nilikaa kando yake, natafuna, natafuta kwa macho dirisha moja kati ya mabati yote yale madogo kule chini, na ndipo mawingu yakaanza kujikusanya upande wa nyumbani.

Sijui hata leo kwa nini mawazo yangu yalikwenda huko. Niliona mvua ikiwanyeshea porini, wakiwa hawajui pa kujificha. Nilimwona yule anayechechemea kwa kopo langu, na mwewe juu yake. Niliona shangazi amesimama mbele ya banda tupu na ile sauti iliyoshuka. Nikamwambia yule mama, “Nimesahau kufunga banda.” Alinitazama kwa mshangao, akasema, “Kimbia basi ukafunge. Nitakusubiri hapa kwenye jiwe, lakini usichelewe, jua haliningoji.” Nikakimbia. Nikiwa nakimbia nilijiambia nafunga tu, narudi. Niliamini kabisa.

Nilipofika, kumi na wawili walikuwa wamerudi, wamejazana mbele ya mlango uliokuwa wazi, wanapiga kelele kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyewatupa. Mmoja alikuwa juu ya bati. Wawili hawakuwa wametoka kabisa. Niliwakuta kwenye kona ile ile, wamebanana, wanatazama mwanga. Niligonga kopo. Waliingia kwa foleni, nikahesabu kumi na watano, nikasukuma komeo. Mvua ikashuka. Nilikaa kwenye kigogo chini ya paa, mfuko magotini, nikijiambia ikipungua naenda. Ilipungua. Sikuinuka. Nilimwaza yule mama kwenye jiwe, gunia lake likilowa kwa ajili yangu, na bado sikuinuka.

Shangazi alirudi jioni. Aliona matope mekundu ya ukingoni hadi kwenye magoti yangu, aliona mfuko pembeni ya kigogo, akaona na majani yaliyolazwa kilimani. Nilingoja fimbo, na kusema kweli niliitamani. Yeye alinipakulia ugali wa ulezi na maharage, akaniongezea mara mbili. Asubuhi, wakati nachukua kopo, alitoka mwenyewe, akalitoa komeo, akauweka mlango wazi na kuuegemeza jiwe. “Leo toa wote,” alisema. “Sasa wamezoea.” Alikuwa akinitazama mimi. Tangu siku ile banda halikufungwa tena mchana, na mimi niliruhusiwa kwenda kisimani, kucheza, hata kufika ukingoni nikitaka. Sikwenda.

Mpunga ulipovunwa mama alipanda na magunia mawili na Neema. Hakushuka tena kuishi kule. Kibanda alimwachia kaka yake, wakafugia mbuzi. Alizeeka katika nyumba ya wakwe, akamuuguza shangazi mpaka akamzika, na kanga wa uzao ule bado wanakatiza kwenye kabichi zake. Siku hizi mambo ni rahisi. Bodaboda zinateremka Muze na kupanda siku hiyo hiyo, simu ziko mikononi, na binti yangu akiona mtaa mmoja haumpendezi anahamia mwingine na kunijulisha kwa ujumbe mfupi. Nikimsimulia habari ya banda anacheka, ananiuliza, “Sasa mama, si ungeondoka tu?” Namwambia ndiyo, ningeondoka tu.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona mama. Magoti yake hayataki tena mlima. Tulikaa jikoni, kanga wakipita mlangoni, naye bila kuulizwa akaanza tena habari za lile dirisha la ziwani, upepo wake, jinsi kulivyokucha mapema. Nikamuuliza nilichoogopa kumuuliza miaka yote, kwa nini hakubaki. Alishangaa swali lenyewe. “Ningebakije, Yusta, na wewe umefungiwa huku?” Niliinuka, nikamwongezea chai. Mpaka leo sijamwambia kwamba kulikuwa na siku moja mlango ulikuwa wazi, nami nilikuwa nimeshafika kwenye jiwe, na kulikuwa na mtu ananisubiri tushuke pamoja.