Masale Yaliyohama Siku ya Mazishi

Siku watu walipokuwa wanamzika Aminiel, mpaka wa shamba lake ulikuwa unatembea.

Najua inavyosikika. Soma mpaka mwisho kwanza, halafu ndiyo uje kunitukana kwenye komenti.

Stori hii ni ya shangazi yangu Kaanaeli, mke wa huyo Aminiel, wa Nkoaranga, kule juu kwenye mteremko wa Mlima Meru. Ameniruhusu niiandike kwa sharti moja, nisimpambe. Kwa hiyo nawapa Kaanaeli kama alivyo, na roho yake mbaya ikiwemo.

Tuanze na masale, maana bila masale hakuna stori.

Kwa ambaye hajafika kwetu, sale ni ule mmea wa shina refu jembamba wenye majani marefu ya kijani yaliyoinama. Wameru wa kule juu hawahangaiki na seng'enge. Mpaka wa shamba na shamba ni mstari wa masale, na wazee wakiitwa kuamua ugomvi hawana maswali mengi. Wanaangalia masale yamesimama wapi, wanarudi nyumbani.

Tatizo ni kwamba sale halifi. Ukilikata shina na kulichomeka kwenye udongo wenye mvua, linashika na kuendelea na maisha kana kwamba lilizaliwa hapo hapo.

Sasa, ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kupanda mlimani na mizani zao, na bei ikapaa ghafla. Watu waliokuwa wameshaipa kahawa kisogo wakaanza kuipalilia tena kwa mapenzi yote.

Mmoja wa hao alikuwa Melkizedeki.

Huyu alikuwa binamu wa mbali wa Aminiel, na mashamba yao yalipakana. Alichukuliwa na mjomba wake akiwa bado mdogo sana, akakulia Arusha mjini, na wakati huo alikuwa na duka la vipuri vya magari na pikapu nyeupe. Shamba alilirithi kwa baba yake. Alilijua kama mimi ninavyoijua Ulaya.

Alikuwa anapanda Jumamosi, anasimama njiani ili viatu visichafuke, anaongea na kibarua wake Simel, kisha anateremka zake mjini. Simel ndiye aliyepalilia, ndiye aliyechuma, ndiye aliyejua mgomba upi umezaa.

Basi Aminiel akaumwa, akafariki pale hospitalini.

Kwetu siku ya mazishi hakuna anayeshika jembe. Si sheria ya serikali, ni aibu tu, aibu kubwa. Mteremko mzima unakuwa msibani, mashamba yanabaki na ndege. Melkizedeki siku hiyo alikuwa mstari wa mbele, suti nyeusi, amemshika Kaanaeli kiwiko asianguke kaburini. Watu walimsifu sana kwa hilo.

Simel hakuonekana msibani, na nani ana muda wa kumtafuta kibarua.

Matanga yalipoisha, Kaanaeli akaenda kuangalia kahawa yake. Akasimama.

Miti ya mwisho kabisa kule pembeni, ile aliyoipanda na Aminiel mwaka waliooana, ilikuwa upande wa pili wa masale. Mistari mizima ya kahawa imelala kwa Melkizedeki, mbivu, inasubiri kuchumwa. Udongo kwenye mashina ya masale ulikuwa mbichi, umefunikwa majani makavu ya mgomba kiujanja ujanja.

Ile kahawa ndiyo iliyokuwa inamsomesha binti yake Elizabeth. Lakini si hilo lililomkaa kooni. Kilichomkaa ni ile mikono iliyomshika kiwiko.

Simel alimfuata mwenyewe jioni ile, kofia mkononi. Alikuwa Mwarusha wa kule Terrat, mtu mzima, hana maneno mengi. Alikiri kwamba tajiri wake ndiye aliyemtuma, tena alimchagulia siku hiyo makusudi kwa sababu hakungekuwa na jicho shambani. Na alikuwa ameagizwa asogeze tena kidogo kila masika. Alisema tangu ashike jembe siku ya mazishi hajalala vizuri.

Kaanaeli akamwomba aje aseme hayo mbele ya wazee. Simel akatazama chini. Alisema yeye ni mtu wa kuja, nani atamwamini yeye akamwache mwenye pikapu.

Hapo alisema kweli.

Kaanaeli akaenda kwa Mzee Sifael, mkubwa wa ukoo. Mzee akamsikiliza vizuri, akasikitika, kisha akamuuliza nani aliona. Hakuna aliyeona, wote walikuwa kaburini. Basi mzee akamwambia taratibu kwamba masale yanaposimama ndipo mpaka ulipo, na mjane akianza kugombana na ndugu wa marehemu kabla kaburi halijakauka, watu watasema vibaya.

Kaanaeli akaaga.

Akarudi nyumbani, akampikia Elizabeth, hakulia tena. Ananiambia usiku ule hakuwaza kurudishiwa kahawa. Aliwaza namna ya kumfanya Melkizedeki alie mbele za watu kama alivyolia yeye.

Masika iliyofuata, mguu ukaanza kumsumbua.

Ulikuwa mguu wa ajabu. Jumatatu unatembea mpaka Tengeru sokoni na mkungu wa ndizi kichwani, Jumapili unagoma kabisa kwenda kanisani. Usharika mzima ukawa unauombea ule mguu. Akina mama wa kwaya wakamletea dawa za kuchua. Hata Melkizedeki, siku moja aliyohudhuria ibada, alisimama akaomba shemeji yake akumbukwe, mjane na mguu wake.

Kaanaeli alipoambiwa, alimshukuru Mungu kwa moyo wa dhati.

Ikapita masika moja, na vuli, na masika nyingine. Kila Melkizedeki alipomuuliza Simel kama kazi inaendelea, Simel alijibu kwamba masale yanasogea vizuri, tajiri, kila mvua. Mavuno yalipopungua, Simel akasema kahawa imebeba kidogo mwaka huu.

Mwishowe Melkizedeki akaamua kujenga. Alitaka nyumba ya kisasa na ukuta wa mawe kuzunguka kiwanja chote, kama za wakubwa wa mjini. Na kwa kuwa alijua alichofanya, aliogopa mjane asije akapiga kelele ukuta ukishasimama. Akataka jambo lifungwe kabla.

Akaita wazee. Akanunua beberu mkubwa.

Mbuzi wa mpaka akishaliwa pale kwenye masale, neno limekwisha. Hakuna mtoto wala mjukuu atakayelifufua. Watu wakajaa, Mzee Sifael mbele na fimbo yake, Kaanaeli pembeni na mguu wake, akiegemea mwanzi.

Mzee akauliza kama kuna mwenye neno.

"Mimi ni mjane tu," Kaanaeli akasema. "Ila shemeji ndiye mwanaume wa boma. Naomba autembee mpaka kwa miguu yake, aguse kila sale, atuonyeshe pa baba yake. Mimi nitakubali."

Melkizedeki alitamani kucheka, alivyoona mambo yanavyoteleza. Akavua koti. Akatembea kuanzia kwenye mfereji juu hadi njiani chini, anagusa sale moja moja kama anayebariki watoto.

"Huu ndio mpaka wa baba yangu," akasema. "Masale haya yana umri kunizidi."

Mzee Sifael akamtazama Kaanaeli kwa huruma. Kaanaeli akainamisha kichwa, akakubali, na machozi yakamtoka kidogo. Beberu akachinjwa, akaliwa, mifupa ikafukiwa pale pale.

Mafundi wakaja kutoka Kikatiti. Ukuta ukapanda, mrefu, mawe mazuri ya mlimani, unafuata masale bila kukosea hata hatua.

Nyumba ilipokwisha akaita watu kuibariki. Machalari, zile ndizi za kupikwa na nyama, masufuria kwa masufuria, soda za kila rangi, mchungaji kwenye kiti chenye kitambaa. Na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, akampandisha mama yake kutoka mjini. Bibi Rachel alikuwa mzee sana, anatembea kwa kushikwa, lakini kichwa chake kilikuwa sawasawa.

Bibi akala kidogo. Kisha akasema anataka kwenda kuuona ule mti wa mringaringa.

Melkizedeki akamuuliza mringaringa upi. Bibi akaanza kutembea mwenyewe kati ya migomba, anagusagusa, anahesabu kitu kichwani, mpaka akafika ukutani. Akaweka kiganja kwenye jiwe. Juu ya ukuta, upande wa pili, matawi ya mringaringa mkubwa yalikuwa yametulia tu.

"Melki, mbona mti uko nje?"

"Huo ni wa jirani, mama."

"Wa jirani wapi. Kitovu chako nilikizika chini ya mti huo, baba yako ndiye aliyechimba." Bibi akageuka kuwatazama watu. "Mwanangu amejenga ukuta, kitovu chake akakiacha nje."

Waliokuwa wanapakua wakashusha miiko.

Melkizedeki akamtazama mama yake, akatazama ukuta, akamtazama Simel. Simel alikuwa anaangalia mlima. Kisha polepole macho yakamhamia Kaanaeli, aliyekuwa ameketi na akina mama wa kwaya, sahani ya machalari mapajani, anakula kwa nafasi.

Mwanzi hakuwa nao siku hiyo. Mguu ulikuwa umepona.

Sasa niwaambie kilichokuwa kinatokea Jumapili.

Watu wakiwa ibadani, mteremko mzima mtupu, shangazi alikuwa anashika jembe. Kwanza aliyarudisha masale mahali yalipokuwa siku zote. Angeweza kuishia hapo, na watu wengi wema wangeishia hapo. Yeye hakuishia. Akaendelea kuyasogeza, sale moja baada ya jingine, ndani kwa Melkizedeki, akapita migomba, akapita kahawa ya baba yake, mpaka akauvuka mringaringa. Visiki vya zamani aliving'oa akavifukia kwenye lundo la mbolea. Simel alimwona tangu Jumapili ya kwanza. Alisema yeye anaona majani tu, akaenda zake.

Na yule bwana, asiyelijua shamba lake, akaja kujifunga mwenyewe kwa mbuzi wake mwenyewe.

Kesho yake baada ya ile sherehe, akakimbilia kwa Mzee Sifael, akidai masale yamehamishwa. Mzee akamkumbusha nani aliyeyagusa moja moja mbele ya watu, na nani aliyesema yana umri kumzidi. Kisha akamuuliza swali moja, kwamba ikiwa hakuujua mpaka wa baba yake, siku ya mbuzi alikuwa na haraka gani ya kuufunga.

Ili Melkizedeki aeleze, ilibidi aanzie siku ya mazishi.

Ndipo mzee akaelewa. Ananiambia shangazi kwamba Sifael alitazama fimbo yake, halafu akasema mbuzi ameliwa.

Juma lile lile, Melkizedeki akaja kwa Kaanaeli kwa miguu. Hakuja na pikapu. Mkononi alishika jani moja la sale, amelifunga fundo.

Wa kwetu mnajua maana yake. Mtu akikuletea jani la sale amekuja kuomba msamaha, na hata kama amekuchomea nyumba, huruhusiwi kumkatalia. Ukikataa, laana inakugeukia wewe.

Alipiga hodi, akaingia, akapiga magoti sakafuni na suruali yake ya mjini. Akasema yote. Siku ya mazishi, suti nyeusi, Simel, yote. Na akalia, kwa sauti, mlango ukiwa wazi, majirani wanapita njiani na ndoo zao.

Kaanaeli akamwacha alie mpaka amalize. Kisha akanyoosha mikono miwili, akalipokea lile jani kwa heshima kabisa.

"Nimekusamehe, shemeji. Kwa moyo wote."

Melkizedeki akashusha pumzi, akajifuta uso. Akauliza, sasa lile shamba watalirudishaje, aite wazee au wayamalize wenyewe.

"Shamba lipi?" Kaanaeli akamuuliza. "Umeniletea jani la msamaha, na msamaha nimekupa. Jani la shamba sijaliona."

Hivyo ndivyo ilivyobaki, mpaka leo. Bibi Rachel, alipokuwa hai, alikuwa anapita kwa shangazi kila alipopandishwa mlimani, anakunywa chai, anashikwa mkono hadi chini ya mringaringa. Shangazi alimpenda kweli. Melkizedeki naye anaruhusiwa kwenda kuuona mti wake, ila lazima azunguke ukuta wake mwenyewe mpaka njiani, apande tena kwa shangazi, apige hodi na kusubiri. Wakati mwingine shangazi yuko jikoni na hasikii haraka.

Elizabeth alimaliza shule kwa kahawa ya pande zote mbili.

Nilimuuliza shangazi kama hajawahi kujisikia vibaya, maana alichukua zaidi ya kilichokuwa chake. Hakukwepa. Alisema ndiyo, alichukua, na anajua. Akasema angemwona Melkizedeki siku ile kaburini anamtazama marehemu hata mara moja, angerudisha masale mahali pake akaenda kanisani. Lakini alikuwa anatazama saa.

Funzo langu kwenu ni fupi. Kama una dhuluma yako moyoni na huwezi kuiacha, basi angalau usichague siku ambayo mwenzako anazika. Dhuluma nyingine watu huzisamehe wakazisahau. Ile ya siku ya msiba husamehewa pia, hata shangazi alisamehe. Ananiambia kila asubuhi akifungua mlango, akauona ule ukuta mzuri wa mawe, anamsamehe tena.