Niombee, Mama, ila Usibonyeze

Kaka yangu, tuliyemzika kabla ya mvua hizi kuanza, alikuwa fundi friji. Wateja walimwita Barafu, na sisi nyumbani tukalizoea jina hilo, isipokuwa mama. Yeye alimwita "mwanangu mkubwa" ingawa hakuwa na mtoto mwingine wa kiume. Friji ikiletwa, kaka aliiwekea kwanza kiganja mgongoni, akatega sikio, ndipo akatafuta bisibisi.

Alipoacha kuajiriwa alipanga chumba nyuma ya duka la rangi. Kutoka barabarani huwezi kukiona. Lazima upite katikati ya makopo na ngazi zinazouzwa. Mwanzoni watu waliambiana, baadaye wakapungua. Mwenye nyumba akaanza kupitapita mlangoni akikohoa. Kaka akamwambia mkewe, "Miezi mitatu ikipita hivi hivi, narudi kwa bosi." Wifi anasema aliyatamka hayo huku akifuta meza ambayo tayari ilikuwa safi. Bosi huyo alizoea kumfokea mbele ya wateja.

Ndipo akajifunza mambo ya matangazo ya mtandaoni. Mtu akiandika shida yake kwenye simu, jina lako linatokea juu, nawe unalipa kila linapobonyezwa, aliyebonyeza apige simu asipige. Kaka alitenga fedha kidogo ya kila siku. Ikiisha, tangazo linalala mpaka kesho.

Kwanza alichagua neno moja tu, friji. Wakabonyeza hata wanaotafuta mpya. Bwana mmoja wa mbali alimpigia kuuliza kama ana friji nyekundu.

"Ndugu yangu, mimi natengeneza, siuzi."

"Sawa. Basi ya bluu unayo?"

Kaka alicheka, lakini usiku huohuo alibadilisha. Akaweka maneno ya mtu mwenye shida: friji haigandishi, friji inavuja maji. Akazuia tangazo lisitokee kwa anayeandika "bei" au "mpya". Akaliwekea mpaka, lionekane tu kule ambako pikipiki yake ingefika bila faida yote kuishia kwenye mafuta. Na kila mteja alimuuliza amempataje, apate kujua fedha ya tangazo imerudi au imepotea. Aliniambia, "Mdogo wangu, kubonyezwa si kazi. Kazi ni friji iliyopona."

Ikaenda vizuri kwa muda, kisha ikaharibika. Fedha ya siku ilianza kuisha kabla watu hawajamaliza chai ya asubuhi, na simu haikuita. Wifi akamshuku fundi friji wa mtaa wa pili.

"Huyo ndiye anayekubonyeza akumalize! Nenda kamwambie."

"Nikamwambie nini, mke wangu? Kwamba nimekiona kidole chake?"

Hakwenda. Aliomba Mungu amwepushe na kumchukia mtu bila ushahidi. Mwisho wa ile miezi mitatu ulikuwa unakaribia, na mwenye nyumba sasa alikohoa akiwa amesimama kabisa.

Jumamosi moja kaka alikuja kwa mama kubadilisha mpira wa mlango wa friji. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Mama alikuwa ametoka kusali, miwani puani, simu mkononi.

"Mwanangu mkubwa, hebu njoo uone. Kila asubuhi nikimaliza sala nakutafuta humu. Ukitokea tu, nakubonyeza, nasema, Bwana, mfungulie milango."

Kaka aliuachia ule mpira. "Kila asubuhi, mama?"

"Asubuhi, na kila nikikukumbuka. Na wenzangu wa kikundi cha maombi nimewafundisha wote. Yule mama wa cherehani anakubonyeza hata akiwa sokoni. Anasema tangazo lako lina upako."

Niliinamia sinia nisionekane nikicheka. Kisha nikamtazama kaka, kicheko kikakatika. Ni mama huyu huyu aliyeuza kitanda chake ili kaka asomee ufundi. Kaka alikaa sakafuni karibu na kiti cha mama.

"Mama, hilo tangazo ni kama mlango ambao kila anayeingia, kiingilio nalipa mimi. Akiingia mwenye friji mbovu, nikimtengenezea, kiingilio kinarudi na faida juu. Akiingia wa kunisalimia tu, hakirudi."

Mama akavua miwani. "Kwa hiyo sisi ndio tumekuwa tukila riziki yako?"

"Mmekuwa mkiniombea, na msiache. Niombee, mama, ila usibonyeze."

Mama akairudisha miwani puani. "Basi yule wa cherehani alipe! Yeye ndiye amezidi."

Tulicheka wote watatu. Siku hiyohiyo mama aliwapigia wenzake mmoja mmoja, akiwaambia maombi yaendelee lakini vidole vipumzike.

Wiki iliyofuata simu ziliita. Miezi mitatu ikaisha, na mwenye nyumba akawa anakohoa kwa mafua tu. Kaka hakulewa mafanikio. Kazi zikizidi alipunguza fedha ya tangazo. Joto likija, friji zinapokufa kwa wingi, aliiongeza. Alisema bajeti ifuate mikono, isifuate tamaa. Baadaye aliajiri fundi wa pili, na sikuwahi kumsikia akimfokea.

Kisha akaugua, na ugonjwa haukumpa muda mrefu. Mungu alimtaka, nasi tunajifunza kukubali, ingawa mimi bado napita kwenye duka la rangi nikisikiliza kama atapiga ule mluzi wake wa kazini. Wifi na yule fundi wanaendelea na karakana. Tangazo lipo bado, na jina ni lake. Juzi wifi alimuuliza mama kama alibadilishe.

Leo asubuhi nimemkuta mama amemaliza sala. Ameandika "friji haigandishi", na juu kabisa limetokea: Barafu, Fundi Friji. Kidole chake kilikuwa karibu na kioo. Nilisimama mlangoni.

Hakubonyeza. Aliisoma mistari miwili ya tangazo taratibu, midomo ikichezacheza, kisha akaigeuza simu kifudifudi juu ya Biblia.

"Mwambie wifi yako aliache jina," alisema. "Mwanangu yuko kazini."