Kurasa Nilizoziruka Makusudi

Mimi ninayeandika haya niliacha shule darasa la tano, na leo nina maduka matatu ya vipuri vya magari hapa Kampala. Nyumba yangu ya Kasubi nimeijenga mwenyewe, na sebuleni kuna kabati la mvule lililojaa vitabu mpaka juu. Watu wenye digrii wakinitembelea husimama mbele yake wakanyamaza. Nasoma polepole, kwa kidole, lakini namaliza. Waulize wao wamemaliza vingapi.

Ugonjwa huo niliupata kwa baba. Alikuwa polisi, tukikaa chumba kimoja kambini Nsambya, na kazi yake ilikuwa kukagua malori yanayotoka Kenya. Madereva walimwita afande wa vitabu, kwa sababu kila aliyesimamishwa aliulizwa taa, akaulizwa breki, halafu akaulizwa kama ana kitabu cha Kiswahili alichokwisha kukisoma. Vilikuja bila jalada, vingine vikinuka dizeli. Jioni alivua buti, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akaniweka mbele yake nisome kwa sauti, yeye amefumba macho.

Mimi nilitaka kwenda kucheza mpira. Kwa hiyo nilikuwa naruka. Nageuza kurasa mbili pamoja, taratibu, naendelea kama hakuna kilichotokea. Hakudanganyika hata siku moja. Macho hafumbui. Anasema tu, "Rudi. Umemwacha mtu njiani."

Nilipoacha shule hakunipiga. Alisema, "Shule umeacha, sawa. Jioni utasoma." Nikasoma. Kila nilicho nacho leo kinatoka kwenye jioni zile, na nalisema hilo mbele ya yeyote.

Mwaka huu kiharusi kilimwangusha. Mkono na mguu wa kulia vikafa, mdomo ukafungwa. Macho yalikuwa wazi, lakini yalitazama dari tu. Daktari alituita mimi na dada yangu, akatueleza bila kuzunguka: yuko mtaalamu anayewafundisha wagonjwa kusema upya, lakini lazima mgonjwa awe anaelewa anachoambiwa.

"Tumempima, hatujaona dalili," alisema. "Tutaangalia mpaka Ijumaa. Isipoonekana, mtamtunza nyumbani."

Nikamwambia kwa heshima ya Kiganda, "Ssebo, huyu mzee wewe hujui kumpima. Najua mimi."

Kesho yake nilikwenda na kitabu alichokipenda kuliko vyote, habari za fundi saa anayemtafuta kaka yake mji kwa mji. Utoto wangu wote nilimsomea hicho, kikiisha tunaanza upya. Nikavuta kiti, nikasoma kurasa tatu sawasawa, kisha nikaruka. Fundi alikuwa bado anabisha mlango wa watu. Nikamweka sokoni, anakula ndizi. Nikautazama mdomo wa baba. Hakuna kitu.

Jumatano niliruka sura nzima. Hakuna. Alhamisi nikaanza kuharibu kabisa: nikamuua yule kaka kabla hajapatikana, nikamwoza fundi mwanamke ambaye kitabuni hayumo. Mimi ambaye nikiingia dukani wafanyakazi husimama wima, nilikuwa nimeinama kwenye sikio la mzee, namwomba kimoyomoyo anigombeze.

Aliyenigombeza ni mgonjwa wa kitanda cha jirani, Mkongomani mmoja mwenye mguu wa plasta.

"Eh, papa, unatusomea nini? Jana huyu ndugu alikuwa anatafutwa, leo amekufa. Nani amemuua?"

"Nyamaza, hiki si chako."

"Si changu, lakini masikio ni yangu. Soma vizuri basi, mimi hapa sina hata redio."

Dada yangu alikuwa anampangusa mzee shingo. Hakucheka.

"Kaka, unamfanyia mtihani."

"Namsaidia."

"Unamfanyia mtihani. Wewe uliyekimbia mitihani yako yote shuleni, leo unakuja kumfelisha mzee kitandani?"

Nikageuza ukurasa mwingine, nikaendelea kusoma.

Ijumaa daktari alipofika, nilisema uongo. Nilisema jana nilipokosea aligeuza kichwa. Dada aliinamisha uso.

"Vizuri," daktari akasema, akavuta kiti akakaa. "Hebu nionyeshe."

Nikasoma. Kidole kikawa kinapotea mistari. Nikafika mahali fundi anapoiona saa ya kaka yake mkononi mwa mtu mwingine. Hapo ndipo baba, enzi zile, alipokuwa akizuia pumzi kila mara, hata kama alishajua kinachofuata. Nikageuza kurasa kumi kwa mpigo, nikasoma mstari mmoja, nikamtazama baba. Daktari alingoja, akangoja zaidi ya alivyohitaji, na ninamshukuru kwa hilo. Baba alipepesa macho kama alivyokuwa akipepesa wiki yote hiyo.

Nilimfuata daktari koridoni. Niliomba siku mbili. Tangu nilipoanza kuuza nati na bolti juu ya gunia sijawahi kumwomba mtu kitu. Siku ile niliomba nimemshika mkono wa koti.

"Ningeona hata kidogo, ningeandika," alisema kwa upole. "Sikuona."

Nikarudi wodini.

"Amesema nini?" dada akauliza.

"Amesema twende naye nyumbani, atapumzika vizuri zaidi."

"Amesema hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Alinitazama. Kisha akakichukua kitabu mkononi mwangu, akakitia kwenye begi chini ya mashuka, akaleta shati. Nikamwinua baba, nikaanza kumvalisha. Mkono ulikuwa mzito, ukanasa kwenye kikwapa cha shati. Ulikuwa mkono wa kushoto, ule ambao haukufa.

"Mzee," nilisema, "kunja kiwiko kidogo. Kidogo tu."

Nilimwambia mara tatu. Mwishowe dada aliushika kutoka upande wa pili, tukaupitisha sisi wawili.