Chumba cha Mbao cha Muriuki

Harufu ya mbao mbichi za saiprasi hunirudisha nyumbani, nje kidogo ya Chaka, Desemba ile kaka yangu Muriuki alipotahiriwa. Baba alimjengea chumba nyuma ya jikoni, mabati juu, kitanda chembamba ndani, na dirisha dogo la kutazamia mlima siku ambazo haukujificha. Kwetu mvulana akishapita jando halali tena katika nyumba ya mama yake, na mwacha mila ni mtumwa. Upepo wa baridi ulipenya kati ya mbao, lakini Muriuki alitembea uani kama mwenye shamba. Mimi, dada yake mdogo, niliambiwa nimpelekee chakula na nibishe hodi kabla ya kuingia. Hodi, kwa mtu niliyekuwa nikigombania naye blanketi juzi tu! Nilimwonea wivu hadi nikapaliwa na punje za githeri, mahindi na maharagwe yetu ya kila siku.

"Hii ni ya kuanzia tu," Baba alimwambia akipigilia msumari wa mwisho. "Ile ingine utajijengea mwenyewe."

Sote tuliamini. Muriuki alisoma, akamaliza chuo, akarudi na cheti chake kulala pale pale. Ukaja mradi wa serikali wa vijana, akafyeka kando ya barabara miezi michache, mradi ukaisha. Akaambiwa angoje mwingine, subira huvuta heri. Hakuna aliyemkumbusha kwamba ngojangoja huumiza matumbo. Mradi uliporudi, alikuwa amepita umri. Serikali inamwona mzee, ilhali Mama, aliyemaliza magoti kwa kubeba kabichi hadi soko la Karatina, bado humvushia sahani uani. Baba tulishamzika. Zamani nilikuwa na watu wa kulaumu, sasa sina hata nguvu hiyo. Nimechoka, na Mama amechoka zaidi yangu.

Desemba hii zamu ya jando imemfikia mwanangu, Mwangi. Mimi ninaishi mjini, mtaa wa Skuta, nyumba ya kupanga isiyo na ua hata wa kuanikia nguo, kwa hivyo ilibidi aende akapone kwa nyanya yake. Nilipompeleka, tulizungumza habari za kuku na za mvua, lakini hakuna aliyethubutu kuuliza kijana atalala wapi. Mwishowe Muriuki mwenyewe alisema, macho yake chini.

"Wacha akuje akae kwa hiyo yangu. Si ni ya vijana?"

"Na wewe?" Mama akauliza.

Muriuki alifagia chumba, akapigilia misumari mipya palipolegea, akamtandikia mpwa wake kitanda. Jioni alivuka ua, blanketi lake begani, hadi kwenye mlango wa nyumba ya Mama, ule ule aliotokea tukimpigia vigelegele. Ulikuwa wazi, nasi tulikuwa ndani tukimtazama. Alisimama nje, akabisha hodi.