Mama Aliyeketi Chini: Maisha ya Sidonie Feza wa Lusangi

Sidonie Feza ni mtoto wa Nyangwe. Mwaka wake wa kuzaliwa haukuandikwa popote. Mama yake alikuwa akisema tu kwamba alimzaa wakati wapagazi wa vita vya Wazungu walipokuwa wanarudi makwao, na kwa sababu hiyo waamini wa Kasongo huutaja mwaka 1918. Baba yake alivua samaki katika Lualaba. Mama yake aliwakausha juu ya uchanja na kuwapeleka sokoni Kasongo, na mtoto alikulia ndani ya moshi huo, hata jamaa zake wakawa wanamtania kwamba nguo yake ya kwanza ilinuka samaki kabla hajaivaa. Alikuwa msichana mchangamfu, mwepesi wa kazi. Alipofika miaka kumi na miwili hivi, siku moja akigeuza samaki, alimwambia mama yake kwamba anasikia harufu ya majani mabichi yanayoungua. Mama alinusa, hakusikia kitu ila samaki. Kabla hajamjibu, binti alianguka kwa ubavu, mkono wa kushoto ndani ya makaa. Wanawake waliokuwepo walirudi nyuma. Siku zile watu waliamini kwamba povu la mwenye kifafa likimgusa mtu humwachia ugonjwa, na kwamba aliyeangukia motoni haguswi kabisa, kwa maana moto umekwisha kumchagua. Mama yake peke yake ndiye aliyemvuta. Vidole viwili vya mkono ule havikunyooka tena.

Tangu siku hiyo Feza alipewa sahani yake na kikombe chake, na mahali pa kulala mbali na mafiga. Ugonjwa wenyewe hakuuogopa sana, kwa kuwa hakuuona: alianguka, akaamka, akakuta nyuso za watu zimebadilika. Alichoogopa ni moto. Aliuogopa asubuhi mama alipopuliza makaa, na mchana wanaume walipochoma nyika. Hakuna nyumba isiyo na moto, na kwa hiyo hapakuwa na nyumba ambamo moyo wake ulitulia.

Mwaka 1931 aliwafuata wakatekumeni hadi misheni ya Kasongo, na Pasaka ya mwaka 1934 akabatizwa kwa jina la Sidonie. Alitamani kuwa mtawa. Alijibiwa kwa upole kwamba afya yake haitaweza maisha hayo, naye hakurudia kuomba. Katekista wake, mzee Antoine, alipomwona akitetemeka karibu na mishumaa ya altare, alimshauri amwombe Mungu amwondolee woga. Jibu lake ndilo neno la kwanza la Sidonie ambalo watu wamelihifadhi: “Sitaki woga itoke, tata. Ikitoka, nani atanikumbusha moto?” Mzee Antoine, asema mjukuu wake, alimsogezea kiti.

Katika zahanati ya Kasongo alikuwepo mwuguzi aitwaye Théophile, mtu wa maneno machache. Yeye alimpa dawa yenye ladha ya chumvi, akamweleza kwamba itapunguza kuanguka lakini haitauondoa ugonjwa, na kwamba atakuwa na usingizi. Halafu alimwuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza: kabla ya kuanguka, anasikia nini? Sidonie akamwambia juu ya harufu. Théophile akasema, “Hiyo ni kengele yako. Ikilia, usisimame tena. Ikala chini palepale ulipo, hata kama ni mbele ya askofu.” Ushauri huo aliupokea kama watu wengine wanavyopokea kanuni ya kitawa, akaushika mpaka kufa kwake.

Mwaka 1937 Bulaimu, kijana wa Lusangi katika nchi ya Kabambare, alikuja kumposa. Sidonie alimwambia yote kabla ya mahari kuzungumzwa, akamwonyesha na vidole vyake. Bulaimu alicheka. “Miye niko na jino yenye kuniuma kila mwezi,” alisema, “na hakuna mutu alinikimbia.” Wakafunga ndoa kanisani. Lakini Bulaimu alifanya kosa moja, kosa la mtu mwenye mapenzi: hakumwambia mama yake. Mama huyo, Bibi Amisa, alikuwa Mwislamu mwenye sala, mjane, mwenye mikono mikali na chakula kingi. Alimpenda mkwe wake kwa muda mfupi tu, hadi jioni ile Sidonie alipoacha mwiko ndani ya bugali, akaketi chini, akaanguka. Bibi Amisa alitoka nje akasimama uani mpaka kukawa kimya. Hakumtukana mkwe wake wala kumfukuza. Tangu hapo hakula tena kutoka mkononi mwake, na wanawake wa jirani walisema kwamba alikuwa akitazama moto zaidi kuliko alivyomtazama Sidonie.

Miaka ilipita bila mtoto. Mwaka 1942 Sidonie alijifungua binti, wakamwita Cécilia. Mtoto alipofika siku za kutolewa nje, Bibi Amisa alimchukua mikononi mwa mama yake akasema, “Mutoto atalala kwangu. Atanyonya, nitamurudisha kwangu. Ukianguka naye ku moto, nitamuambia Bulaimu nini?” Swali hilo Sidonie alikuwa akijiuliza mwenyewe kila alipomfunga mtoto mgongoni. Hapa ndipo palipokuwa msalaba wake. Alikuwa na titi kwa mtoto wake lakini hakuwa na mgongo. Alinyonyesha mbele ya mama mkwe, kisha akanyoosha mikono na kumrudisha, na akaenda shambani. Bulaimu wakati huo alikuwa amekwisha kuchukuliwa kufanya kazi ya dhahabu upande wa Salamabila, akawa anarudi mara chache, amekonda.

Ilikuwa miaka ya vita, na serikali ilidai pamba zaidi kuliko zamani. Kila nyumba ilikuwa na shamba lake la lazima, na kapita Marcellin, msimamizi wa mashamba hayo, alipita akikagua palizi. Sidonie alinaswa kati ya mambo mawili. Akimeza dawa asubuhi, usingizi ulimshika katikati ya mistari ya pamba na kapita alimwita mvivu. Asipoimeza, harufu ilikuja naye akaketi, na kuketi mbele ya kapita kulikuwa dharau. Siku moja Marcellin alimwadhibu kwa kumsimamisha juani na kikapu kilichojaa kichwani. Sidonie alimwomba kwa sauti ndogo ruhusa ya kuketi. Alikataliwa mara mbili. Mara ya tatu alianguka, na povu likaruka hadi kwenye viatu vya kapita. Mtu yule alikimbia mpaka akaacha kofia yake, na wanawake, pamoja na hofu yao, walicheka siku nyingi. Tusimhukumu Marcellin kupita kiasi. Naye alikuwa na wakubwa wake nyuma, na fimbo iliyomngoja yeye. Baada ya hapo hakumgusa tena Sidonie, naye Sidonie akapanga dawa yake upya: sehemu kubwa jioni baada ya kazi, kidogo tu asubuhi, kama Théophile alivyomruhusu alipotembea hadi Kasongo kumwuliza.

Odile, jirani yake wa shamba, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwuliza waziwazi ni nini anachotaka watu wafanye. Sidonie alikuwa amefikiri jambo hilo kwa muda mrefu. Alisema kwamba harufu ikija atatamka neno moja, “Naikala,” na kuketi.

“Tukisikia vile, tunabeba nani kwanza?” Odile aliuliza. “Weye?”

“Watoto,” alisema Sidonie. “Beba watoto wote, peleka mbali na moto, mbali na miye. Miye nyuma. Munilaze kwa ubavu, musinitie kitu mu kinywa.”

Mwanzoni wanawake waliona haya. Lakini kazi ya pamba iliwakutanisha kila siku, na neno lile lilisikika mara nyingi, hata mikono yao ikazoea: Sidonie akitamka, kila mwanamke alimnyakua mtoto aliye karibu naye, awe wake au wa mwenzake, akatoka. Wakafikia hata kufanya mzaha. “Mama Cécilia,” walimwita, “utaikala leo, ao tusonge bugali kwanza?” Bibi Amisa aliyasikia hayo yote kutoka pembeni. Yeye hakucheka.

Julai mwaka 1944, kabla ya soko la pamba, wanawake wa Lusangi walikuwa katika banda kubwa la kuhifadhia, wakichambua pamba nyeupe na iliyochafuka. Watoto walilala juu ya malundo, kama ilivyokuwa desturi, kwa sababu hapakuwa na kitanda laini kuliko hicho. Wengine walizama mpaka vikaonekana vipaji vya nyuso tu. Cécilia alikuwa miongoni mwao, karibu na bibi yake. Harufu ya majani mabichi yanayoungua ilimfikia Sidonie akiwa ameshika pamba mikononi. Aliiogopa kuliko siku zote, kwa maana mtoto wake alikuwa hatua chache tu. Alisema, “Naikala,” akaketi. Hakuna aliyeuliza. Wanawake walichota watoto kutoka malundoni, wakatoka nao mpaka kwenye mti wa mbali. Bibi Amisa alimnyakua Cécilia kwa mkono mmoja. Odile alibaki amemshika Sidonie bega, akingoja.

Hakuanguka. Alingoja giza lile analolijua, na giza halikuja. Harufu ilibaki puani, ikazidi, kisha Odile akaanza kukohoa. Hapo ndipo Sidonie alipoelewa, akasema kwa sauti ya mtu anayeamshwa, “Odile, hii si yangu.” Ukuta wa nyasi nyuma yao ulikuwa umeshika moto. Ulitoka wapi, kama ni wachomaji wa nyika au cheche ya kiko cha mtu, hakuna aliyethibitisha. Walitoka wakikimbia, na pamba ikalipuka nyuma yao, banda lote kwa mara moja. Kila mama alimtafuta wa kwake chini ya mti, na kila mmoja alimpata.

Ndipo ugonjwa wenyewe ulipokuja, bila kengele, kwa kuwa hewa yote sasa ilikuwa moshi. Sidonie alianguka uani, karibu na ukuta uliokuwa ukiporomoka, na cheche zikamwangukia nguoni. Wanawake wale wale waliozoea kumlaza kwa ubavu walisimama. Hofu ya kale ilikuwa imewarudia: huyu moto umemchagua. Odile mwenyewe alikiri baadaye kwamba miguu yake ilikataa. Bibi Amisa alimtia Cécilia mikononi mwa Odile, akaingia katika joto lile, akamshika mkwe wake kwapani, akamburuta mpaka kivulini. Alimfuta povu kwa kikwembe chake, kile alichojitandia kwa sala. Kisha alisema, bila kumtazama mtu, “Mudogo yangu alianguka vile. Nilisimama, nikaangalia. Huyu simuachi.” Ndivyo Lusangi walivyojua, baada ya miaka yote ile, kwa nini mjane huyu alikuwa akitazama moto.

Sidonie alipofumbua macho alikuwa ameegemezwa kwenye shina la mti. Mama mkwe alimweka Cécilia mapajani pake. “Ukiwa umeikala, mushike,” alimwambia. “Ukitaka kusimama, niite.” Sidonie alimshika mtoto mpaka jua likashuka. Tangu siku hiyo mtoto alilala kwa mama yake, na Bibi Amisa akahamishia mkeka wake mlangoni mwao.

Wengine husema kwamba harufu ya siku ile ililetwa na malaika. Wengine husema ni pua ya mtoto wa mkausha samaki, iliyosikia moshi mbele ya pua nyingine. Tumeandika yote mawili, kwa kuwa watoto walitoka hai, na hilo hakuna anayelibishia.

Hakupona. Aliendelea kumeza dawa yake ya chumvi, kulima na kupika akiwa na mtu karibu, na kusali asubuhi maneno ambayo Cécilia aliyasikia utoto wake wote: “Bwana, leo tena naogopa. Ukae karibu.” Akina mama wenye watoto wa kifafa walianza kuja kwake, hata kutoka Salamabila, naye aliwauliza swali la Théophile: kabla ya kuanguka, mtoto anasikia nini? Mwaka 1957 Bibi Amisa aliugua homa, akashindwa kula. Sidonie alikwenda peke yake mtoni kuopoa mihogo aliyoiloweka, apate kumpikia, jambo ambalo alikuwa amewakataza wenye kifafa wengine na kujikataza mwenyewe. Walimkuta ndani ya maji yanayofika magotini, ameketi, kichwa kimeinama kifuani. Kengele ililia, naye alitii palepale alipokuwa. Maisha yake yote aliogopa moto, na ni maji yaliyomchukua. Bibi Amisa, mgonjwa, aliinuka mkekani, akaomba aachiwe kumwosha maiti kwa mikono yake, na padri hakumkatalia.

Kanisa halijatamka neno juu yake, nasi hatulitangulii. Inasimuliwa kwamba mtoto mmoja wa Salamabila, aliyeletwa kaburini kwake, hakuanguka tena. Ni kweli pia kwamba mtoto huyo alikuwa akimeza dawa, na Mungu haoni wivu kwa dawa. Mwenye kutaka kumfuata Sidonie asitafute moyo usioogopa. Aseme woga wake kwa sauti, mapema, mbele ya watu watakaobeba watoto. Kaburini kwake Lusangi wageni hujaribu kupiga magoti, na Cécilia, ambaye sasa ana mvi, huwavuta nguo taratibu mpaka waketi chini.