Harufu ya Vanishi

Karakana nzima ilimwita Msasa. Tangu aanguke kutoka kwenye kenchi ya paa na kuumia ubongo, fundi mkuu hakumruhusu kugusa msumeno. Kazi yake ikawa kusugua mbao, basi. Alitembea akipepesuka na ulimi ulikuwa mzito. Midomo ya watu nayo haina pazia: kijana mdogo vile, mlevi wa kutupwa!

Hapo ndipo walipomjua mama yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alijifunga kibwebwe akasimama katikati ya barabara. "Mwanangu hanywi! Kaanguka, kaumia kichwa. Mkirudia nitawafuata hadi kwenu!" Watu wakanywea.

Kumbe Msasa alikuwa ameanza kunywa. Daktari alimkanya kwamba ubongo ulioumia haustahimili pombe, naye akaitikia kama mtoto mwema. Lakini kilabuni kila mtu alipepesuka, kila ulimi ulikuwa mzito. Huko tu ndiko ambako hakuna aliyemkodolea macho. Na nani angemgundua? Mwendo ni ule ule, na karakana yenyewe inanuka vanishi na spiriti kutwa. Alijificha nyuma ya ugonjwa wake, na hilo lilimtia aibu kuliko pombe yenyewe.

Siku moja akaisugua meza ya mteja iliyokwisha kupakwa vanishi, inangoja kuchukuliwa tu. Fundi mkuu akaagiza mama aitwe.

"Mama, nataka neno lako. Kama ni ugonjwa, abaki. Kama ni pombe, aende zake."

"Pombe? Njooni wote mshuhudie! Haya baba, hebu nipumulie."

Msasa alitamani ardhi ipasuke immeze. Akapumua.

Mama akanusa. Alimtazama mwanawe kitambo, uso ukamshuka.

"Ni vanishi," akasema kwa sauti ndogo.

Fundi mkuu alimwamini mama yule kuliko pua yake mwenyewe. Akamrudisha Msasa kazini, tena akamwomba mama radhi. Msasa akaokota msasa wake, asithubutu kuinua macho.

Jioni walirudi nyumbani pamoja. Kwenye kona ya duka, vijana wakapiga mluzi. "Mlevi huyo! Mshikeni asianguke!"

Msasa akasimama, akimngoja mama yake ajifunge kibwebwe. Mama aliinamisha kichwa, akapita.