Jino la Nyanya na Hesabu ya Mwalimu

Mwalimu wetu wa darasa la pili, kule Kisauni wakati wa vita, alikuwa na taya la ng'ombe. Alilipata kwa mchinjaji, akalitundika kwenye msumari kando ya ubao, na kila asubuhi alilipiga mswaki mbele yetu kwa chumvi na unga wa mkaa huku sisi tukihesabu kwa sauti. Yule ng'ombe, baada ya kufa, alikuwa na meno safi kuliko mtoto yeyote wa shule ile.

Kanuni ilikuwa moja. Kila jino mara kumi, na mdomo wa mtu mzima una meno thelathini na mawili, kwa hiyo mia tatu na ishirini, asubuhi na jioni. Aliyepunguza alionja bakora. Kisha mwalimu akatangaza kwamba Bwana Afya angekuja kutukagua, na kila mtoto amfundishe mtu mzima mmoja wa nyumbani kwao, aje naye siku hiyo.

Mama alikuwa shambani, baba bandarini. Nikabaki na nyanya, aliyekuwa na jino moja tu, la mbele, chini.

Jino hilo halikuwa pambo. Nyanya alisuka mikeka. Aliuma ncha ya jani la mkindu, akavuta, na jani likapasuka sawasawa mpaka mwisho. Wenzake walitumia kisu. Yeye aliwacheka, akisema kisu hukata lakini jino hupasua. Watu walitoka Jomvu Kuu kufuata mikeka yake. Nilipomwambia kwamba mwalimu amesema jino lisilosuguliwa huoza, alicheka vilevile.

"Hili ni la akiba, mwanangu. Na akiba haiozi."

Lakini aliniogopea ile bakora, basi akakubali kufunua mdomo.

Hapo ndipo hesabu iliponitatiza. Meno thelathini na moja hayakuwapo, na mwalimu alikataza kupunguza. Nikaamua kwamba mipigo ya meno yaliyokwenda zake ni haki ya lile lililobaki. Nikalipiga lile jino moja zote mia tatu na ishirini, asubuhi na jioni, kwa kijiti cha mswaki, chumvi na mkaa. Nyanya alikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, amefumba macho, mate meusi yakimchuruzika kidevuni. Siku ya tano akasema jino linacheza. Nikamjibu kwamba ndivyo uchafu unavyotoka. Mpaka leo sijui nilikoyatoa maneno hayo.

Siku ya Bwana Afya wazee walipangwa kwenye madawati yetu, magoti karibu na videvu. Ilipofika zamu yangu nikaanza kusugua, na mwalimu akahesabu nami kwa fahari. Tulipopita mia mbili, Bwana Afya aliomba kiti. Tulipokaribia mia tatu jino likatoka, likaangukia leso ya nyanya.

Nikasimama na kijiti mkononi. Mwalimu, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache, aliendelea kuhesabu mpaka mwisho. Bwana Afya akaliokota jino, akaligeuzageuza penye mwanga wa dirisha, akasema tangu aanze kazi hajapata kuona jino safi kama lile. Akampa nyanya zawadi ya kwanza: mswaki wa dukani, wenye mpini mwekundu. Watu wakapiga makofi. Nyanya akaupokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa adabu zake zote na fizi tupu.

Tulipofika nyumbani akaketi penye mkeka aliouacha nusu, akachukua jani, akalipeleka mdomoni. Likateleza. Akajaribu tena, likateleza tena. Akalilaza mapajani, akawa analitazama tu. Nikalia kwa uchungu, maana nilijua aliyeling'oa lile jino ni mimi.

Akaniita. Nikaitika abee, nikasogea. Akanishika kidevu, akanitia ncha ya jani kati ya meno, akaniambia niume kidogo tu, kisha akavuta yeye. Likapasuka upande, lakini likapasuka.

"Haya sasa ni meno yetu sote wawili," akasema. "Usiyasugue kama ulivyolisugua langu."